Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Safari Tuliyoikosa na Safari Tunayoipanga

Ndugu wanachama,

Wakubwa shikamooni, na wenzangu wote habari za tangu mkutano uliopita.

Naanza na jambo ambalo kila mmoja wenu amekuja kulisikia, maana nikianza na salamu ndefu mtasema mwenyekiti anakwepa. Msafara wa magari ya chama chetu kutoka hapa Uingereza kwenda Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya, tuliouahidi kwa Septemba 2025 haukwenda, na kosa kubwa ni langu.

Njia ile niliichora mwenyewe, Januari, nimekaa mezani na ramani nne na birika la chai. Nilijua kila mlima una mita ngapi. Nilijua wapi lami inaishia. Nisichofanya ni kumuuliza hata mtu mmoja, "Ndugu, wewe pasipoti yako ni ya wapi?" Mimi natembea na ya Uingereza, na kwa mwenye hiyo eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, ni hesabu tu ya siku 90 ndani ya kila siku 180. Lakini kati ya wasafiri wetu 11, wanne wana pasipoti za Tanzania na Kenya. Wanaishi hapa kihalali, wanalipa kodi kuliko baadhi yetu, ila kuvuka bandari ya Dover kwenda Ufaransa kunawadai viza.

Mliokuwa kwenye mkutano wa Julai mnakumbuka yaliyofuata. Wawili walipata viza ya kuingia mara nyingi. Mmoja hakupata miadi hadi tarehe za safari zikapita. Wa nne akaja na viza yake, tukapiga makofi, hadi katibu alipovaa miwani na kuisoma: kuingia mara moja. Sasa tazameni njia yangu ilivyokuwa. Tunaingia Ufaransa, tunashuka Italia na Slovenia hadi Kroatia, na hapo tunatoka Schengen kwenda Bosnia, Montenegro na Albania, kisha feri ya usiku kutoka Durrës, Albania, hadi Bari, Italia. Kroatia iko ndani ya Schengen tangu tarehe 1 Januari 2023, kwa hiyo Bari ni kuingia mara ya pili. Ndugu yetu angeipita milima yote salama, kisha akazuiwa bandarini huku gari lake limeshapangwa foleni.

Wapo waliosema wenye karatasi waende, wengine watafuata mwaka mwingine. Nilikataa, na najua wawili watatu hawajanisamehe. Chama hiki hakikuanzishwa na watu wenye pasipoti ya rangi moja. Kilianzishwa na watu waliokutana kwenye karakana wakigundua kwamba kila mmoja alikulia nyuma ya landrova: ya polisi, ya misheni, ya hifadhi, au ile ya mjomba iliyowaka kwa kusukumwa. Dau la mnyonge haliendi joshi, nalo ni letu sote. Tulipoteza malipo ya awali ya feri, pauni 240, kwa sababu kampuni tuliyokata nayo tiketi hairudishi fedha za kundi. Mweka hazina ataeleza. Mimi nimeshalipa fungu langu na nusu ya ziada.

Safari mpya itaondoka Jumamosi tarehe 29 Agosti 2026 na kurudi baada ya siku 16. Wenye watoto wa shule mmelalamika, na mna haki. Sababu ni barabara ya Assietta kule Piemonte, Italia. Julai na Agosti hufungwa kwa magari kila Jumatano na Jumamosi ili waendesha baiskeli na waenda kwa miguu wapumue, na siku zilizobaki kila mwenye pikipiki Ulaya yuko huko juu. Mwanzo wa Septemba tunapita siku yoyote, theluji bado, na joto la pwani ya bahari ya Adria limepungua. Atakayeweza kuungana nasi kwa wiki moja tu tutampokea Split, pwani ya Kroatia.

Kuhusu viza, utaratibu sasa ni huu. Maombi huruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo mwisho wa Februari wote wanne wanaanza siku moja, na katibu yuko nao. Tunaomba kwa Italia kwa sababu ndiko tutakakolala usiku mwingi zaidi kuliko nchi nyingine ya Schengen. Nimeipanga ratiba makusudi iwe hivyo. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, mbali na ada ya kituo cha kupokea maombi. Bima ya matibabu isipungue kiwango cha yuro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na iwe na miezi mitatu mbele baada ya siku ya kutoka. Na kwenye barua ya maombi tutaandika wazi, kwa tarehe na tiketi, kwamba tunatoka Schengen na kurudi, ndiyo maana tunaomba kuingia mara nyingi. Kwenye maombi ya safari iliyopita barua zetu zilisema "utalii" tu. Ofisa angejuaje?

Viza hiyo ya kuingia mara nyingi ndiyo pia inayofungua Bosnia, Montenegro na Albania kwa wenye pasipoti zetu za nyumbani, bila kuomba tatu nyingine. Kanuni hizi hugeuka, hivyo katibu atazithibitisha tena Julai.

Na ikitokea tena mtu akapewa ya mara moja? Safari hii tuna njia ya pili. Gari lake halitoki Kroatia. Zamani ukishuka pwani kwenda Dubrovnik ulikatiza kipande cha Bosnia pale Neum, lakini tangu Julai 2022 daraja la Pelješac linakupitisha juu ya bahari bila kutoka Schengen. Atafika Dubrovnik, atarudi Split, atapanda feri ya Ancona, na tutakutana naye Italia. Gari la pili limeshajitolea kumsindikiza, kwa hiyo hataendesha peke yake. Nawashukuru kwa hilo kuliko ninavyoweza kusema hapa.

Wenye pasipoti ya Uingereza msicheke. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza mfumo mpya wa mipaka: picha na alama za vidole badala ya mhuri. Safari hii sote tutabonyeza vidole.

Sasa magari. Jaribio la Mei kule Wales lilitufundisha mengi, na si yote ya kutuletea sifa. Tulipita njia za udongo zilizo wazi kisheria kwa magari, mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, na Prado moja ikazama hadi ekseli. Hapo ndugu mmoja akakimbilia kufunga kamba ya kuvutia kwenye pira ya trela, kile kirungu cha chuma nyuma ya gari kinachoshika trela. Mzee wetu wa Defender alipiga kelele hadi kondoo wakatawanyika. Alikuwa sahihi. Pira ile haikutengenezwa kuhimili mshtuko wa kamba inayonyumbulika. Ikikatika huruka kama risasi na kuua mtu. Kamba hufungwa kwenye ndoano au pingu (pete ya chuma) iliyoshikwa na chasi, hakuna pengine. Kuanzia sasa gari lisilo na sehemu halali ya kuvutia, mbele na nyuma, haliondoki.

La pili ni uzito. Tulirudi kupitia mizani, na gari moja lilizidi kiwango cha mtengenezaji. Tulipolipakua tukakuta hema la juu ya paa, jenereta, meza ya watu wanane, na sufuria ya wali wa harusi. Nasema kweli, sufuria yenye mikono miwili. Mwenyewe akajibu, "Mwenyekiti, tutakula nini?" Tutakula, kaka. Lakini uzito ulio juu ya paa ndio unaolipindua gari kwenye barabara inayoinama upande wa bonde, na Assietta na Albania zimejaa barabara za namna hiyo. Mizigo mizito ikae chini, katikati ya ekseli mbili. Juu ya paa ni hema na matandiko tu.

Hema hilo linaweza kuwa na gharama nyingine msiyoiwaza. Kwenye barabara za kulipia za Ufaransa, gari lenye kimo kisichozidi mita 2 ni daraja la kwanza. Likizidi mita 2 linaweza kulipishwa daraja la pili, na tofauti ni kubwa ukishuka kutoka Calais hadi Alps. Kila mmoja apime gari lake likiwa limepakiwa, kwa futi ya fundi, si kwa macho. Tutavuka kwa feri na si kwa treni ya chini ya bahari, kwa sababu Range Rover ya ndugu yetu inatumia gesi na treni haipokei magari ya gesi.

Magari yetu ni ya zamani, tusijidanganye. Dizeli iliyosajiliwa kabla ya 1997 haipati kabisa kibandiko cha hewa safi cha Ufaransa, kinachoonyesha kiwango cha moshi wa gari, na Ujerumani kibandiko cha kijani kinadai kuanzia kiwango cha moshi cha Euro 4, au Euro 3 yenye kichujio. Ndiyo maana njia haigusi miji ya Ujerumani wala katikati ya mji wowote mkubwa. Tutalala vijijini, na vijijini mkate ni mtamu zaidi.

Njia yenyewe ni Calais, Reims, Dijon, kisha tunapanda Mont Cenis badala ya kulipia handaki la Fréjus, na tunashukia Susa. Kutoka pale ni Colle delle Finestre, halafu Assietta yenyewe, zaidi ya kilomita 30 za changarawe juu ya mita 2,000 hadi Sestriere. Njia ile ilichongwa na jeshi, na kwenye tuta lile mwaka 1747 Wapiemonte waliwarudisha nyuma Wafaransa waliokuwa wengi kuliko wao. Nimeipita mara moja nikiwa abiria. Sitaieleza, mtaiona.

Narudia kwa wanachama wapya wanne tuliowapokea mwaka huu: Ulaya hakuna pori la kuingia tu. Ufaransa ina sheria tangu 1991 inayokataza gari nje ya barabara zilizo wazi kwa umma. Kroatia hupiga faini wanaolala popote nje ya kambi. Tunachotafuta ni barabara halali ambazo hazijawekwa lami, na hizo zinatosha. Mwenye kutaka kukata msitu abaki nyumbani.

Bosnia ni suala jingine kabisa. Vita vya 1992 hadi 1995 viliacha mabomu ya kutegwa ardhini, na mafuriko ya Mei 2014 yaliyahamisha mengine kutoka yalipokuwa yamewekewa alama. Hatuachi lami Bosnia. Hatuegeshi kwenye nyasi. Hata haja ndogo ni kwenye kituo cha mafuta. Watoto watakaa ndani ya magari hadi mtu mzima afungue mlango. Hili sitalipigia kura.

Albania inadai kadi ya kijani, yaani cheti cha kimataifa cha bima ya gari, tofauti na Bosnia na Montenegro. Wapigieni kampuni zenu simu sasa, muulize pia kama huduma ya kukokotwa inakubali umri wa gari lenu. Wawili wamegundua wamekuwa wakilipia kitu kisichowahusu. Kadi ya gari iwe ya asili, si nakala. Gari likiwa kwa jina la mume au mke asiyesafiri, njoo na barua ya ruhusa yake. Na huko Albania tutapanda pantoni ya ziwa la Koman hadi Fierzë, na hiyo peke yake inastahili safari.

Chakula, kwa sababu maswali yalikuwa mengi kuliko ya injini. Kutoka Uingereza huruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya na nyama wala maziwa. Sambusa za nyama zitaliwa Dover, zisivuke. Samaki kwa matumizi yako huruhusiwa hadi kilo 20, kwa hiyo dagaa wanasafiri. Unga unasafiri. Na msirudi na jibini la Italia: tangu Aprili 2025 Uingereza nayo imezuia nyama na maziwa ya kutoka huko.

Fedha kwa kifupi. Tulinunua redio koli sita za masafa yasiyohitaji leseni Ulaya, nusu wati kila moja, zinazotosha magari yanayoonana. Tulinunua kamba mbili, pingu nne na sanduku la huduma ya kwanza. Risiti ziko mezani.

Mambo mawili hayajaisha. Hatuna bado fundi wa pili. Mzee wa Defender ndiye fundi wetu pekee; akiumwa tumbo, msafara wote unaumwa. Na nafasi ya gari la tano iko wazi baada ya mwenzetu kuuza Discovery yake. Anayeitaka amwone katibu kabla ya tarehe 20 Februari. Picha za gari tutazitazama baadaye. Aje kwanza na pasipoti, yake na ya kila atakayepanda naye.

Mwenyekiti