Mgombea udiwani atuambie watoto wa wafanyakazi watalelewa wapi

Mhariri,

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027, na hapa Nakuru wanaotaka udiwani wameshaanza kupita Kaptembwo, Rhoda, Kivumbini na Free Area wakimwaga ahadi za vituo vya polisi, vyuo vikuu na karo ya sekondari. Naomba kwanza tufungue Katiba. Jedwali la Nne, sehemu ya pili, limetaja kazi za kaunti: zahanati na vituo vya afya, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, malezi ya watoto wadogo, masoko na leseni za biashara, barabara za kaunti, taa za mitaani, maji, majitaka, mitaro na takataka. Polisi, shule za msingi na sekondari pamoja na vyuo vikuu ni kazi ya serikali ya kitaifa.

Hata katika hizo kazi za kaunti, diwani hajengi chochote. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamkataza kuingilia utekelezaji kana kwamba ni mfanyakazi wa kaunti. Anatunga sheria za kaunti, anapitisha bajeti, anawasimamia wanaoitumia. Basi ahadi yake ina maana pale tu anapoweza kututajia fungu la bajeti itakamotoka. Kwa kipimo hicho, anayetaka kura za familia zinazoishi kwa mshahara mdogo na vibarua ana mambo machache ya kutanguliza, na la kwanza halisikiki kabisa majukwaani.

Mama akienda kazini, mtoto anabaki wapi? Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo, lakini mama wa kibarua na mama mboga hawaioni. Chekechea ya umma humpokea mtoto akifikisha miaka minne. Hapo katikati kuna miaka zaidi ya mitatu ambayo mtoto huyo hana nafasi katika chekechea ya umma. Na hata akishaingia chekechea, masomo huisha adhuhuri, ilhali mama anatoka kiwandani, au shamba la maua kule Naivasha, jioni.

Pengo hilo limezibwa na akina mama wa mtaani wanaolea watoto vyumbani mwao, na wengi wanajitahidi kwa moyo wote. Shida ni chumba chenyewe. Chumba cha ploti, yaani nyumba za kupanga za chumba kimoja kimoja, cha futi 10 kwa 10 ni kama mita mraba 9. Ukimpa kila mtoto mita mraba 2 za kulala na kutambaa, kinatosha watoto wanne. Wakijazwa 15 humo, jiko la makaa likiwa pembeni na mlango umefungwa wasitoroke, matokeo anayajua muuguzi yeyote wa zahanati: mtoto ameungua kwa uji, mwingine anakohoa kwa moshi, kuhara kunazunguka kwa sababu beseni la kunawia ni moja, na wadogo kabisa wanachelewa kusema kwa kulazwa mchana kutwa bila mtu wa kuzungumza nao.

Kaunti haihitaji jengo jipya ili kuanza. Ianze kwa kuwasajili walezi bure, au kwa ada ndogo mno. Hapa pasifanyiwe mzaha, kwa maana afisa wa afya ya umma akija na faini, watoto watahamishiwa chumba cha nyuma na hatutawaona tena. Usajili uje na masharti yanayoweza kutimizwa ndani ya mwezi mmoja. Jiko litoke nje, au litengwe kwa kizuizi kinachopita kimo cha mtoto. Sakafu ifunikwe kwa mkeka wa plastiki unaofutika. Kila mtoto awe na kikombe na shiti yake, na mtungi wa lita 20 wenye mfereji uwekwe mlangoni pamoja na sabuni. Poti zimwagwe chooni, si mtaroni. Pawe na daftari linaloonyesha nani amemleta mtoto na nani ameruhusiwa kumchukua, na mtoto asipewe dawa ambayo mzazi hakuiandika humo, hasa zile za mafua zinazoleta usingizi. Kuhusu idadi, napendekeza mlezi mmoja kwa watoto wanne walio chini ya mwaka, na mmoja kwa wanane walioanza kutembea.

Mhudumu wa afya ya jamii, ambaye posho yake hulipwa na kaunti pamoja na serikali ya kitaifa, apangiwe kuwatembelea walezi hao kila mwezi akiwa na utepe wa kupimia mkono. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu haufiki sentimita 12.5 ana utapiamlo. Usipofika 11.5, hali ni ya hatari na anapelekwa zahanati siku iyo hiyo. Utepe una rangi ya kijani, manjano na nyekundu, kwa hiyo hata mlezi anaweza kufundishwa kuutumia kwa dakika chache.

Halafu kuna madarasa ya chekechea yanayofungwa adhuhuri. Yakiachwa wazi hadi saa kumi na mbili jioni, gharama inayoongezeka ni ya mlezi wa alasiri, uji na magodoro. Na kila soko jipya la kaunti liwe na chumba cha watoto kwenye ramani kabla ya zabuni kutangazwa. Ukikiomba baada ya kuta kusimama, utapewa stoo isiyo na dirisha.

Baada ya watoto, maji. Nakuru kila mgombea ana kisima cha kuahidi, na hapa ndipo tunapodanganyika kwa urahisi. Maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia tunayoyaona kwa watoto wetu chanzo chake ni hicho, na mtu akiyanywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka, hata mifupa huathirika. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu maji hupungua kwa mvuke na floraidi ikabaki imekolea zaidi. Huondolewa kwa kuyachuja maji kwenye mkaa wa mifupa, ambao nao huchoka na sharti ubadilishwe, au hupunguzwa kwa kuyachanganya na maji ya chanzo kingine.

Kwa hiyo mwenye kisima cha kuahidi ajibu haya: sampuli itapimwa maabara kabla pampu haijanunuliwa? Nani atagharamia kubadilisha mkaa? Bili ya stima imo kwenye fungu gani, au kama ni sola, betri na pampu zikiharibika fundi analipwa na nani? Kisima hakifi kwa kukosa maji peke yake. Kinaweza kufa kwa sababu mita ya stima haina mwenyewe, kwa sababu pampu iliendelea kuzunguka baada ya maji kushuka na hakukuwa na kifaa cha kuizima, au kwa sababu kamati ilikusanya hela bila akaunti ya benki. Tangi na mnara hubaki vimesimama, vimepakwa rangi.

Kwa wapangaji wa ploti, mara nyingi njia nafuu zaidi ni kulisogeza bomba la kampuni ya maji ya kaunti. Hesabu ni rahisi. Mita moja ya ujazo ni mitungi 50 ya lita 20. Ukinunua mtungi kwa shilingi 5, umelipa shilingi 250 kwa mita ya ujazo. Linganisha na bei iliyo kwenye bili ya mwenye nyumba aliyeunganishiwa maji, ujionee maskini analipa mara ngapi zaidi. Familia ya watu watano ikitumia lita 50 kwa kila mtu kwa siku inahitaji mitungi 12 na nusu. Kule Nyalenda, Kisumu, kampuni ya maji iliweka mita kubwa mtaani na kumwachia mwendeshaji wa hapo hapo kununua kwa jumla, kuunganishia majirani na kukusanya malipo. Mpango huo ulipunguza wizi wa maji, pamoja na mabomba ya plastiki yanayopita mitaroni, ambayo yakipasuka hunyonya uchafu pindi presha inaposhuka. Diwani anaweza kudai fungu la mita kubwa na bomba kuu la wadi, kisha bei ya mtungi iandikwe kibandani mahali pa kuonekana na kila mtu.

Zahanati nitazigusa kwa ufupi. Ikifunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja, Jumatatu hadi Ijumaa, mfanyakazi wa kutwa hupoteza ujira wa siku ili mtoto achanjwe. Jioni mbili kwa wiki na Jumamosi asubuhi zingetosha kuanzia. Kinachohitajika ni muuguzi mmoja wa ziada, mlinzi, na taa inayowaka stima ikipotea. Sheria ya 2023 kuhusu ufadhili wa uboreshaji wa vituo vya afya inaviruhusu vituo kubaki na pesa vinazokusanya. Diwani aulize, robo ya mwaka baada ya robo, kama pesa hizo zinafika kwenye akaunti ya kituo au zinakwama makao makuu.

Taa za mulika mwizi, zile za milingoti mirefu zinazomulika mtaa mzima, zina kasoro moja kubwa: husimikwa kwa pesa za maendeleo, lakini bili na balbu hutoka kwenye matumizi ya kawaida, na huko hakuna aliyezipangia. Anayeahidi mlingoti mpya aeleze kwanza ile iliyozimika itawashwa kwa fungu lipi.

Sasa nije kwenye kalenda, kwa kuwa ahadi nyingi huangukia hapa. Bajeti ya mwaka wa 2027/28 itakuwa imepitishwa kufikia Juni 30, 2027, na bunge la kaunti lililoko sasa. Diwani mpya ataikuta tayari, kwa hiyo anayetuambia kwamba atatufanyia makubwa ndani ya siku 100 atuambie pesa atazitoa wapi, maana njia aliyo nayo ni bajeti ya ziada tu. Mpango wa maendeleo wa 2028/29 unapaswa kuwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, 2027, wiki tatu baada ya kura, na huenda ukafika kabla hajazoea hata kiti chake. Taarifa ya mkakati wa fedha inafuata kufikia Februari 28, 2028, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na pesa za kwanza alizozipangia yeye mwenyewe zinaanza Julai 1. Juu ya yote hayo, mpango wa kaunti wa miaka mitano unaotumika sasa unaishia 2027, na ule unaofuata utaandikwa katika miezi yake ya mwanzo. Jambo lisiloingia humo litapata shida kuingia kwenye bajeti kwa miaka mitano. Mgombea makini awe na orodha ya wadi yake iliyoandikwa kabla ya kampeni kuisha, yenye eneo, umiliki wa ardhi na gharama ya kadirio. Darasa likipangiwa kiwanja kisicho na hati, kesi itaanza kabla ya msingi kuchimbwa.

Kuna kura moja itakayomfikia mapema zaidi na kugusa mfuko wa kila mchuuzi. Mswada wa Fedha wa kaunti hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya kupitishwa kwa sheria inayoidhinisha matumizi ya bajeti, yaani kufikia mwisho wa Septemba. Humo ndimo tozo ya soko ya kila siku, leseni ya kibanda na ada ya kuegesha gari hupangwa. Wagombea waseme leo: mama mboga wa soko la Wakulima atozwe ngapi, na choo cha soko kiendelee kulipiwa na mtu ambaye asubuhi amekata risiti ya tozo ya soko? Mimi nasema kisilipiwe.

Jambo la mwisho la kuwadai ni wasitawanye pesa. Sheria ya fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, lakini fungu la wadi likigawanywa kwa miradi 12 ili kila kijiji kifurahi, tunabaki na kuta 12 zisizo na mabati na wanakandarasi wanaodai. Heri vyumba viwili vya watoto vilivyokamilika, vyenye maji na mlezi anayelipwa, kwa mwaka.

Wakazi wasisubiri mikutano ya hadhara. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka na makadirio ya bajeti ni nyaraka za umma. Ziulizeni kwa msimamizi wa wadi, mtafute ukurasa wenye jina la wadi yenu, na mwende nao kwenye kikao cha ushirikishaji wa umma. Mkinyimwa, andikeni barua mkitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu, kwa hiyo bakini na nakala iliyogongwa muhuri na tarehe ya kupokelewa.

Mpiga kura,
Kaptembwo, Nakuru