Wingi wa heroe usitudanganye

Ndugu Mhariri,

Watu wakiona picha ya ziwa lililojaa heroe, husema ndege hawa hawana shida. Sikubaliani nao. Kati ya spishi sita za heroe duniani, ni mbili tu, heroe mkubwa na yule wa Karibi, ambazo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, halina wasiwasi mkubwa nazo. Heroe mdogo ndiye mwingi kuliko wote, lakini wengi wao huzaliwa sehemu moja tu: Ziwa Natron, Tanzania.

Jike hutaga yai moja, juu ya kichuguu cha tope katikati ya maji makali ya magadi. Maji yakipanda, kiota husombwa. Yakikauka, fisi na mbweha huwafikia makinda kwa miguu. Chakula nacho ni mwani wa maji hayo hayo. Mvua kubwa ikiyazimua, kama ilivyotokea Nakuru, mwani hupungua na ndege huhama.

Naomba serikali isiruhusu kamwe kiwanda cha magadi Natron. Afrika Mashariki nzima, heroe wadogo hawana ziwa jingine la kutegemea kwa kuzaliana.

Msomaji wako, mpenda ndege