Usiutume ule ujumbe

Ndugu yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku wote wazima, Mungu anatutunza.

Umeniomba nikurekebishie jibu la mdogo wako kabla hujaliweka kwenye kundi la ukoo. Nimelisoma. Nakuomba usilitume, hata likirekebishwa.

Lalamiko lake ni moja: mahari ya binti yako imepokelewa bila baba mdogo kuitwa. Nawe unamjibu kwamba ulimpigia simu hakupokea, tena unamkumbusha nani alilipa karo ya wanawe. Nilipofika hapo nikafungua kitabu cha Waamuzi, maana wana wa Efraimu, moja ya makabila ya Israeli, walinung'unika vilevile, mara mbili, wakajibiwa kwa namna mbili.

Mara ya kwanza ni sura ya 8. Gideoni, Mwisraeli mwenzao, amewapiga Wamidiani kwa watu 300, Efraimu wanamjia juu: kwa nini hukutuita ulipokwenda vitani? Wanateta naye kwa ukali. Gideoni angeweza kujitetea. Badala yake anawauliza yeye amefanya nini cha kulinganishwa na walichofanya wao, maana wao ndio waliowakamata Orebu na Zeebu, wakuu wa Midiani. Hasira zao zikatulia, yakaisha. Wala hakuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa: kweli waliwakamata.

Sura ya 12, ni zamu ya Yefta, kiongozi wa Waisraeli wa Gileadi. Efraimu wanauliza lilelile, mbona hukutuita kupigana na Waamoni, na safari hii wanatishia kumchomea nyumba akiwa ndani. Yefta anawaambia: niliwaita, hamkuja kuniokoa. Ndilo jibu lako, neno kwa neno. Ikafuata vita, Waefraimu wakachinjwa kwenye vivuko vya Yordani kwa kushindwa tu kutamka "Shibolethi", neno ambalo wao walilitamka "Sibolethi" wakatambulika, wakafa 42,000. Ndugu kwa ndugu.

Kinachonitisha ni kwamba Yefta alikuwa na hoja. Alichokozwa, alitishiwa, na kwa maelezo yake aliwaita kweli. Nawe una hoja, sikatai, simu ulipiga. Lakini Mithali 17:14 inafananisha mwanzo wa ugomvi na mtu anayefungulia maji, na yakishatoka, kuwa na hoja hakuyarudishi. Lile neno la karo, ndugu yangu, likishasomwa na mashangazi, wakwe na watoto wake mwenyewe, utalifutaje? Hata ukilifuta kwenye simu, wameshalisoma. Wale watoto watakuja kukaa mezani kwako Krismasi wakijua walisimangwa.

Wewe mwenyewe ulituhubiria pale jumuiyani Mithali 15:1, "Jawabu la upole hugeuza hasira." Tafadhali, lifanyie kazi sasa.

Usimjibu kwenye kundi kabisa. Nenda kwake, tena bila wazee, maana ukienda na wazee atadhani umemletea kesi. Akianza kwa ukali mwache amalize. Kisha mwambie lile unalojua ni kweli: baba alipougua, yeye ndiye aliyelala naye hospitali, akamwogesha, akamlisha, wakati sisi wengine tulikuwa tunatuma hela kwa simu. Sidhani kama kuna mtu amewahi kumwambia hilo mbele ya mkewe. Habari ya simu usiigusie, labda aulize.

Halafu mahari yenyewe haijaisha. Waambie upande wa kijana kwamba kilichobaki kitapokelewa baba mdogo akiwepo, na yeye ndiye aseme siku gani. Siku ya sendofu asimame yeye kuwakaribisha wageni. Hiyo ni haki yake kwa mila zetu, wala haikupunguzii wewe kitu.

Nenda wiki hii, kabla mashangazi hawajaanza kuchagua upande. Ukihitaji nikusindikize nitakuja, ila nitakusubiri stendi. Mle ndani muwe wawili.

Nisalimie shemeji, na bibi harusi wetu mwambie namwombea.

Wako katika Kristo,
Rafiki yako