Parokia yetu haikuanzishwa na wafadhili

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, hata nilipoudhika. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Taarifa yenu ya jubilei ya parokia yetu hapa kandokando ya Ghuba ya Mwanza, ile yenye picha ya mgeni rasmi akikata utepe, inadai kwamba shule ya parokia ilianza siku lilipofunguliwa jengo la ghorofa lililotolewa na wafadhili. Si kweli. Mzee yeyote pale sokoni angemweleza mwandishi wenu, kama angeulizwa.

Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao, walifika Kageye, kusini mwa Ziwa Victoria, tarehe 30 Desemba 1878. Kiongozi wa msafara alikuwa Padre Léon Livinhac, na safari yao ilikuwa ya Buganda, ufalme ulioko Uganda ya leo. Mwaka 1882 waliondoka Buganda, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi, huku kwetu kusini mwa ziwa. Walipofukuzwa Buganda mwaka 1888, Bukumbi hiyo hiyo iliwapokea. Hata Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alipopinduliwa, alipata hifadhi kwao hapo. Parokia yetu ni tunda la Bukumbi, na taarifa yenu haikuitaja.

Wala haikumtaja katekista, yaani mwalimu wa dini wa kijijini, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, aliagiza mtu afundishwe miaka minne ndipo abatizwe. Padre mmoja alikuwa na vijiji vingi vya kuzungukia. Angeketi na watu wa kijiji kimoja miaka minne saa ngapi? Aliyeketi nao ni huyo katekista, mkulima kama wao, mwenye shamba la mihogo na watoto wa kulisha. Asubuhi alifundisha sala chini ya mti, na baada ya sala akafundisha herufi kwa mkaa juu ya ubao. Hiyo ndiyo shule ya parokia yetu, Mhariri. Kigango, yaani jumuiya ya waumini wa kijiji isiyo na padre wake, kikapata kanisa la nyasi, kisha la tofali. Wanawake walisomba maji ziwani ya kufyatulia tofali hizo, na wanaume wakapasua mawe ya msingi. Kilipoweza kumtunza padre, ndipo askofu akakifanya parokia. Wafadhili walitukuta tayari tunasali, tunasoma na kuandika.

Shule ile ya kwanza ilitaifishwa pamoja na shule nyingine za makanisa baada ya Sheria ya Elimu ya 1969. Sina ugomvi na hilo. Mwalimu Nyerere alitaka mtoto wa Mkatoliki na wa Mwislamu waketi dawati moja, nasi tuliketi. Lakini shule hiyo ingali imesimama, hatua chache kutoka kwenye ghorofa mliyoipiga picha, na mabati yake yanavuja.

Siku ya jubilei nilisimama getini na mjane wa katekista aliyenifundisha kusoma. Amevaa kitenge cha WAWATA, chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania, rozari shingoni, amekuja kwa miguu. Kijana wa mapokezi akamzuia. "Bibi, kadi yako iko wapi?" Akamjibu, "Kadi ya nini, mjukuu wangu? Mimi ni mke wa Mwalimu." Kijana hakumjua Mwalimu yupi. Akaelekezwa kwenye viti vya plastiki nje ya hema, juani, na huko ndiko alikoshinda tangu Misa hadi hotuba ya mwisho, wakati chini ya hema kulikuwa na viti vitupu vyenye karatasi za majina ya watu ambao hawakutokea. Nilimwendea mmoja wa kamati, nikamwambia huyu mama amepika ugali wa mafundi waliojenga kanisa mnalolifanyia sherehe. Akaniambia ratiba imebana. Ratiba! Risala ilisomwa, wakatajwa waliotoa saruji, waliotoa nondo, hata aliyekodisha spika, na mumewe hakutajwa kabisa. Simlaumu kijana wa getini, kwa sababu hajawahi kufundishwa. Nawalaumu wanaoandika historia hii, kamati pamoja na nyinyi wa magazeti.

Tena afadhali historia ingekuwa imetunzwa mahali. Vitabu vya zamani vya ubatizo nimeviona ofisini mwaka huu vikiwa chini ya dirisha lisilo na kioo, mchwa wamekwisha kula pembe. Humo mna majina ya wasimamizi, wazazi na vijiji, na tukivipoteza hatuna pengine pa kuuliza.

Naomba mchapishe masahihisho katika ukurasa ule ule. Na kamati iweke ubao wa mninga ukutani, upande wa kulia wa mlango mkuu, wenye majina ya makatekista wote kwa rangi nyeupe ya mafuta, kuanzia wa kwanza, ukubwa usipungue ule wa bango la wafadhili. Vitabu vipigwe picha kila ukurasa likizo ya Desemba, vijana wenye simu tunao, kisha vifungiwe katika tranka la bati lenye nafutalini. Kama parokia haina tranka, langu lipo. Waje walichukue.

Mzee wa kigango,
Misungwi, Mwanza