Windows Iliyopotea Baada ya Kuweka Linux: Tunatoza Nini Hasa

Mteja mmoja aliondoka dukani kwetu akinung'unika kwamba tumempunja, kwa kuwa alimwona fundi akiandika mistari michache tu ya amri na Windows yake, iliyopotea alipoweka Linux (mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta), ikarudi. Lalamiko hilo tunalisikia mara kwa mara, nasi hatuoni sababu ya kupunguza bei.

Mistari hiyo huja mwisho. Kwanza tunaiwasha kompyuta kwa flashi ya Linux, tunanakili mafaili ya mteja kwenye diski ya nje, kisha tunachunguza Windows iliwekwa kwa modi ipi. Mara nyingi tunakuta iliwekwa kwa UEFI, yaani modi mpya ya kuwasha kompyuta, lakini flashi ya Ubuntu (aina ya Linux) aliyotumia mteja iliwashwa kwa modi ya zamani ya BIOS, hivyo GRUB, ile programu ndogo inayouliza mfumo upi uwashwe, haiwezi kuiita Windows hata kama haina dosari yoyote. Pengine hakuna kilichoharibika kabisa: tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB kwa kawaida haitafuti mifumo mingine mpaka iruhusiwe.

Linalowagharimu wateja zaidi ni kufuta patisheni (sehemu ya diski) ya Linux wakiwa ndani ya Windows ili wapate nafasi. Mafaili ya GRUB hufutika pamoja nayo, kipande chake cha kuanzia hubaki, na kompyuta ikizimwa na kuwashwa huishia kwenye skrini nyeusi yenye maneno "grub rescue>". Mwanachuo mmoja, alipofikia hapo, alishauriwa apigiwe Windows upya, diski nzima ikafomatiwa pamoja na tasnifu yake. Kwa bahati haikuwa SSD, aina ya diski ambayo mara nyingi hufuta kabisa kilichofomatiwa, kwa hiyo tuliokoa sehemu kubwa ya kazi yake, kwa malipo yaliyozidi mara kadhaa yale ya kupanga upya utaratibu wa kuwasha, ambayo ndiyo kazi pekee iliyohitajika siku ile ya kwanza.

Tunaomba pia ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 wa BitLocker (kufuli ya Windows inayofunga data ya diski) kabla hatujagusa Secure Boot (ulinzi unaokagua programu za kuwasha kompyuta), kwa sababu Windows inaweza kuudai mara tu mpangilio huo ukibadilishwa, na asiyekuwa nao hatuna namna ya kumfungulia diski. Kompyuta iliyokwisha kupita kwa fundi mwingine tunaipokea kwa bei ileile, mradi tuelezwe bila kufichwa kilichofanyiwa.