Kwa saa ya mita 30 nimeitwa mwenye kijicho

Shangazi, shikamoo.

Ni saa tisa za usiku, usingizi haujanijia. Kaka yangu wa Muscat kaniambia nina kijicho, simu ikiwa imefunguliwa sauti na mwanawe anasikia. Kijicho, kwa ajili ya saa ya mkononi!

Kijana anaanza kozi ya kuzamia hapa Nungwi Jumamosi. Babake kamletea saa ya dhahabu, mgongoni imeandikwa mita 30. Kaka anasema mtoto atashuka mita 18 tu, kwa hiyo 12 zinabaki. Hesabu haiendi hivyo, Shangazi. Ile 30 ni shinikizo la kupimia saa iliyotulia. Kwa matumizi maana yake ni mvua na kunawa mikono. Saa ya kuzamia hufuata kiwango cha ISO 6425: isipungue mita 100, na kila moja ipimwe kwa shinikizo linalozidi maandishi yake kwa asilimia 25. Mimi nashauri mita 200, na kile kifundo cha pembeni cha kurekebishia majira kiwe cha kukaza kwa skrubu, maana hapo maji hupenda kupenya.

Wala si bei. Yake ni ghali kuliko zangu zote, sikatai. Lakini pete yake ya nje inazunguka pande zote mbili. Mzamiaji huweka alama ya pete kwenye mkono wa dakika anapoanza kushuka. Pete inayorudi upande mmoja tu, ikigongwa, humwonyesha kuwa amekaa majini muda mrefu zaidi ya alivyokaa, basi atapanda mapema. Hii ya kwenda kote inaweza kumpunguzia dakika, naye akaendelea kukaa na hewa inakwisha. Mikono ni ya dhahabu juu ya uso wa dhahabu, gizani haionekani. Mkanda ni wa ngozi, na maji ya chumvi hayaiachi ngozi salama.

Mtasema kompyuta ya kuzamia ipo, kile kifaa kinachopima kina na muda. Ipo, na ndiyo ya kutazamwa kwanza. Ikizima je? Hubaki kipima kina na saa, na zile dakika 3 za kusimama kwenye mita 5 kwa usalama wakati wa kupanda huwezi kuzikisia.

Sitaki kuingilia malezi ya mtu. Avae anachopenda. Ila yangu ya mita 200 nimeshaipeleka kwa fundi: betri mpya, mpira mpya wa mfuniko uliopakwa grisi ya silikoni, kisha ikapimwa shinikizo. Betri mpya juu ya mpira uliochakaa ndiyo inayoua saa nyingi. Sasa imo ndani ya droo. Nikimpa, kaka atasema nimemvua mtoto zawadi ya babake. Je, ni vibaya nikimwomba mwalimu wake amkataze ile ya dhahabu, ili neno lisitoke kwangu? Au nimwache tu? Hapana, kumwacha siwezi, ananiita ami, na kuogelea nimemfundisha mimi.

Halafu naambiwa kijicho.

Mkanda wa mpira nimeutafuta mrefu, upite juu ya suti yake ya kuzamia yenye unene wa milimita 3. Nijibu kabla ya Jumamosi, Shangazi.

Ami mtu, Nungwi