Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Pamoja na Maelezo Kuhusu Suala la Barbara Jordan

Wazee wetu, ndugu wanachama, akina mama na vijana mliofika,

Wazee shikamooni, na wengine habari za jioni. Mkutano huu ulitangazwa kuanza saa tisa alasiri. Tumeanza saa kumi na moja na robo, na akidi imetimia baada ya Katibu kuwahesabu pia waliokuwa jikoni wakipanga sambusa. Naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu kama lilivyo.

Shughuli za kawaida sitazirefusha, maana mlikuwapo au mliona picha. Futari ya pamoja ilifanyika. Siku ya michezo ya watoto ilifanyika, na jua la Houston mnalijua. Semina ya kodi ilifanyika. Misiba tuliisimamia. Darasa la Kiswahili la Jumamosi linaendelea, isipokuwa mwalimu anaomba wazazi wawe wanarudi kuwachukua watoto kwa wakati, kwa sababu yeye pia ana zamu ya usiku. Sherehe ya Desemba haikufanyika kama tulivyozoea, na jambo hilo nitalifikia.

Fedha. Tulifungua mwaka na dola 3,412. Tuliingiza dola 7,180: ada dola 3,990, rambirambi dola 2,240, na mauzo ya chakula dola 950. Tulitumia dola 8,035: rambirambi zilizofikishwa kwa wafiwa dola 2,240, ukumbi dola 1,875, watoto dola 1,120, shindano la vijana na safari ya Austin dola 1,900, na bima, posta na mengineyo dola 900. Salio ni dola 2,557. Mweka Hazina ana stakabadhi zote kwenye boksi lile la viatu. Anayetaka kuzikagua asogee mezani badala ya kuuliza kwenye kundi la WhatsApp saa sita za usiku.

Daftari lina wanachama 146. Waliolipa ada yote ni 58, waliolipa nusu ni 17, na 71 hawajalipa hata senti. Ada ni dola 60 kwa mwaka mzima. Mtu huyo huyo asiye na dola 60 tunamwona mstari wa mbele msanii anapokuja kutoka Dar es Salaam au Nairobi, na tiketi ya mbele haipatikani kwa dola 60. Msiba ukimfika, simu ya kwanza anampigia Mwenyekiti, na Mwenyekiti hapokei simu kwa kuangalia daftari la ada. Nimekuwa nikipokea zote. Nasema tu ili ijulikane.

Sasa niende kwenye suala ambalo limesemwa sana nisipokuwapo.

Mwezi Septemba kamati iliamua, kwa kura tano dhidi ya mbili, kwamba fedha za sherehe ya Desemba, yaani ile tunayounganisha Uhuru wa Tanganyika wa tarehe 9 na Jamhuri ya Kenya ya tarehe 12, zitumike safari hii kwa shindano la vijana la insha na hotuba. Mada ilikuwa maisha ya Barbara Jordan, wakili na seneta wa jimbo la Texas. Washindi wakapewa zawadi, na basi likakodiwa kuwapeleka vijana Austin kuona jengo la Bunge la jimbo na makaburi ya Texas State Cemetery alikozikwa. Katiba yetu inairuhusu kamati kutumia hadi dola 2,000 bila mkutano mkuu. Zilitumika dola 1,900. Hapo hapahitaji maoni ya mtu, ni hesabu. Basi lilikuwa na viti 54 na waliopanda ni 23. Wengi wa waliolalamika kwamba vijana hawafanyiwi chochote hawakuwaleta vijana wao.

Lalamiko la kwanza nililoletewa ni kwamba huyu mama si wetu. Mzee mmoja ninayemheshimu alisema kama ni siasa tunaye Mwalimu Nyerere, tunaye Tom Mboya, kwa nini twende kwa Wamarekani? Nilimjibu kwa adabu na narudia hapa. Nyerere na Mboya tunawasoma kila mwaka, na tutaendelea. Lakini vijana hawa wanakulia Houston, na Jordan alizaliwa Houston, tarehe 21 Februari 1936, mtaa wa Fifth Ward, ambao baadhi yetu tunaupita kila siku tukienda kazini bila kuuliza nani alitoka pale. Baba yake alikuwa karani wa ghala na mhubiri wa Kibaptisti. Alisoma Phillis Wheatley High School, kisha Texas Southern University, chuo ambacho watoto wa wanachama wetu wanasoma hivi sasa. Pale alifundishwa mdahalo na mwalimu Thomas Freeman, akamaliza mwaka 1956, akaenda Boston University kuchukua shahada ya sheria, akaipata mwaka 1959. Alifundisha mwaka mmoja Tuskegee, Alabama, akarudi nyumbani. Ofisi yake ya kwanza ya uwakili ilikuwa meza ya kulia chakula ya wazazi wake. Waliofungua biashara zao hapa kwenye meza ya jikoni, na mko wengi, hamhitaji nieleze zaidi.

Mwaka 1962 aligombea ubunge wa jimbo la Texas akashindwa. Mwaka 1964 akagombea tena akashindwa. Sababu ilikuwa wazi: wabunge wa Harris County walichaguliwa na kaunti nzima kwa pamoja, kwa hiyo kura za watu weusi wa Fifth Ward zilimezwa kabla ya kuhesabiwa vizuri. Kisha Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba mabunge ya majimbo lazima yagawe maeneo kwa kufuata idadi ya watu, Texas ikachora maeneo upya mwaka 1965, na kodi ya kupigia kura iliyowazuia maskini ikaondolewa. Mwaka 1966 akagombea Seneti ya jimbo katika eneo jipya la 11, akashinda. Nami nimewahi kushindwa uchaguzi wa chama hiki. Sikuhama wala sikuanzisha kundi jingine la WhatsApp. Tuendelee.

Alipoapishwa Januari 1967, Seneti ya Texas ilikuwa na watu 31. Mwanamke alikuwa peke yake. Mtu mweusi alikuwa peke yake, wa kwanza kuketi humo tangu mwaka 1883. Ndiyo maana nilisisitiza, na nakiri wazo lilikuwa langu, kwamba vijana wamsome katika miaka ile ya Austin kabla ya Washington. Watoto wetu wanamjua rais na wajukuu wake. Muulize mtoto nani anatunga sheria ya leseni ya udereva, nani anapanga mambo ya shule, leseni ya uuguzi ya mama yake inatoka mji gani, atakutajia Washington. Inatoka Austin. Nusu ya akina mama humu ndani ni wauguzi na wasaidizi wa wagonjwa, na riziki yao inategemea jengo ambalo hawajawahi kuingia. Bunge lile hukaa siku 140 tu kila mwaka wa witiri, na mshahara wa seneta mpaka leo ni dola 600 kwa mwezi, kwa hiyo lazima mtu awe na kazi nyingine. Ya Jordan ilikuwa uwakili.

Kilichonivutia zaidi ni namna alivyofanya kazi. Katika mwaka wake wa kwanza uliletwa muswada wa kubana uandikishaji wa wapiga kura. Kwa kanuni za wakati ule, muswada haukuweza kuletwa mbele ya Seneti bila theluthi mbili ya maseneta kukubali, maana yake watu 11 wakikataa unakwama. Jordan alikusanya ahadi za wenzake kumi, yeye akawa wa kumi na moja, akamfuata aliyeuleta muswada akamwonyesha hesabu. Ukafia hapo. Hakupiga kelele, hakurekodi ujumbe wa sauti wa dakika saba. Alisukuma pia sheria ya kwanza ya jimbo ya kima cha chini cha mshahara, iliyowagusa wafanyakazi wa mashambani na wa dobi, na chombo cha jimbo cha kusimamia ajira zisizo na ubaguzi. Mwaka 1972 wenzake wakamchagua kuwa rais wa muda wa Seneti, na tarehe 10 Juni mwaka huo, gavana na makamu wake wakiwa nje ya jimbo, akawa gavana wa Texas kwa siku moja. Baba yake aliugua siku ile ile ya sherehe, akafariki kesho yake.

Wapo waliosema tumempamba. Hatukumpamba. Vijana walipewa pia mgogoro wa mwaka 1971. Jordan alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati ya Seneti ya kuchora maeneo upya. Likapatikana eneo la 18 la ubunge wa Marekani lililomfaa yeye, huku lile eneo la Seneti ambalo mtu mweusi angeweza kulishinda likivunjwa. Mbunge mwenzake Curtis Graves alimshutumu hadharani kwamba ameuza kiti cha watu wake apate cha kwake, akagombea dhidi yake mwaka 1972. Jordan akamshinda kwa tofauti kubwa. Lakini Graves hakuwa anapayuka: Seneti ya Texas haikupata tena mtu mweusi mpaka Craig Washington alipoingia mwaka 1983. Mimi naona Jordan alipima na kuamua, kama kiongozi yeyote anavyolazimika kuamua huku akijua watakaokasirika. Wasiowahi kukaa kwenye kamati hawalijui hilo.

Ya mjini Washington, kwenye Bunge la Marekani, nayapitia haraka kwa kuwa yapo kwenye televisheni. Jordan na Andrew Young wa Georgia waliingia humo mwaka 1973 wakiwa weusi wa kwanza kutoka Kusini tangu mwaka 1901. Hotuba yake ya tarehe 25 Julai 1974, Kamati ya Sheria ilipokuwa ikijadili kumshtaki Rais Nixon, vijana wetu wawili waliikariri yote, mkaikosa kwa kuchelewa. Mwaka 1975 alihakikisha ulinzi wa sheria ya haki ya kupiga kura unafika Texas na kwa wasemao lugha nyingine kama Kihispania. Kiswahili hakimo katika sheria ile, kabla hamjaniuliza.

Lalamiko zito ni la uhamiaji, na hili silipuuzi. Jordan, akiwa ameshastaafu siasa na kufundisha University of Texas, aliongoza tume ya taifa ya marekebisho ya uhamiaji. Mwaka 1995 tume ilipendekeza wahamiaji halali wapunguzwe hadi 550,000 kwa mwaka, na lile dirisha la raia kumwita kaka au dada yake lifungwe. Ndugu yetu mmoja wa Bukavu alisimama kwenye kikao cha Oktoba akauliza, tunamsherehekeaje mtu ambaye kwa mapendekezo yake mdogo wangu asingekuwa hapa? Swali zuri. Bunge la Marekani halikupitisha punguzo lile, na Jordan alifariki tarehe 17 Januari 1996. Lakini mwaka huo huo wa 1995 alikwenda mbele ya Bunge kupinga pendekezo la kuwanyima uraia watoto waliozaliwa hapa kwa sababu ya karatasi za wazazi wao. Yote mawili ni yake. Mshindi wa kwanza wa shindano letu, binti wa miaka 16, aliandika insha nzima kumpinga Jordan kuhusu kaka na dada, akamsifu kuhusu watoto. Majaji walikubaliana bila mjadala. Mimi nilikuwa jaji mmojawapo, kwa hiyo anayesema kamati ilitaka watu wasifu tu ajue insha ile naweza kumpatia nakala.

Kuna waliosema afadhali Mickey Leland, aliyerithi kiti kile cha 18 na kufa kwa ajali ya ndege Ethiopia mwaka 1989 akienda kambi ya wakimbizi. Jengo la uwanja wa ndege lililopewa jina lake ndilo wengi wetu tulilolikanyaga kwanza tulipofika. Sina pingamizi. Lakini wazo hili halikuletwa kwenye kamati kwa maandishi, lililetwa harusini.

Mipango ya mwakani. Tunatarajia, Mungu akipenda, sherehe ya Desemba irudi, na nyama choma yake. Tunafikiria kumwalika seneta wa eneo hili azungumze nasi, ingawa nisingependa akute viti vitupu. Suala la kiwanja cha chama bado linashughulikiwa. Kuhusu uchaguzi, wapo walioniomba nigombee tena. Ninatafakari na familia.

Watakaochangia hoja wataje kwanza namba ya stakabadhi yao ya ada. Ambao hawana, Mweka Hazina yuko pale mlangoni, anapokea taslimu na kwa simu, na hatafunga mpaka chakula kiishe.

Mwenyekiti